Asili na Mtawanyiko wa Majina ya M' katika Meru na Embu

Utangulizi

Jina la mtu ni neno, na kama maneno mengine ya lugha, lina mofolojia yake, fonolojia yake na historia yake. Hata hivyo, wanafunzi wengi wa isimu hulipita jina kana kwamba ni lebo tu isiyo na maana. Makala hii inachunguza aina moja ya majina ambayo ni nadra nchini Kenya nje ya eneo moja mahususi, yaani majina ya wanaume wa Kimeru yanayoanza kwa M' yenye ritifaa, kama vile M'Inoti, M'Ithinji, M'Marete na M'Rukunga. Makala inaeleza umbo la majina hayo, inayalinganisha na majina ya majirani zao Waembu na Wambeere, kisha inaonyesha namna maandishi ya serikali yalivyoyabadilisha na kwa nini mabadiliko hayo si jambo dogo kwa familia husika.

Eneo na watu

Wameru na Waembu wanaishi kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Kwa upande wa Meru kuna Waigembe na Watigania kaskazini, karibu na safu ya Nyambene, Waimenti katikati, kisha Waigoji, Wamwimbi, Wamuthambi na Wachuka kuelekea kusini, pamoja na Watharaka katika nchi kavu ya mashariki. Ng'ambo ya mto Thuci ndiko kwa Waembu, na chini yao wako Wambeere. Tangu mwaka 2013 eneo hili limekuwa na kaunti tatu: Meru, Tharaka-Nithi na Embu. Mipaka hii ya utawala hailingani kikamilifu na mipaka ya lugha, na majina yanalithibitisha hilo.

Masimulizi ya asili nayo yanatofautiana. Wameru husimulia kwamba walitoka Mbwaa, mahali pa pwani penye maji mengi, walikokuwa wakitumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Aliyewaongoza kutoka utumwani anatajwa kuwa Koomenjoe. Waembu kwa upande wao husimulia juu ya Mwenendega na mkewe Nthara, ambao kichaka chao kitakatifu kiko karibu na mji wa Runyenjes. Ni vyema kutambua kwamba jina la kiongozi wa Wameru halikubakia katika ngano pekee. Koome ni jina hai la wanaume hadi leo, na asikiaye jina hilo Nairobi au Mombasa hukisia mara moja kwamba mwenyewe, au baba yake, au mumewe, ni wa Meru.

Umbo la M'

Kwanza, M' hutangulia majina ya wanaume peke yao. Mwanamke anayeitwa kwa jina lenye M' amelipata kwa baba au kwa mume, ilhali jina lake mwenyewe ni Makena, Nkatha, Kawira au jingine la kike. Pili, M' haiteui aina ya neno linaloifuata. Hutangulia jina linaloanza kwa irabu, kama M'Inoti; hutangulia jina linaloanza kwa r, kama M'Rukunga; hutangulia hata jina ambalo tayari lina kiambishi cha ngeli ya watu, kama M'Mukindia.

Hoja hii ya pili ina uzito. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba M' ni m- ile ile ya mtu na mkulima, ambayo asili yake ni mu-. Kwa sauti zinafanana, na huenda zina uhusiano wa mbali. Lakini katika M'Mukindia nafasi ya kiambishi cha ngeli imekwisha kujazwa na mu-. Kwa hiyo M' imekaa nje ya neno zima, ikifanya kazi inayokaribiana na ile ya neno la heshima au la utambulisho, mfano wa Bwana au Mwinyi mbele ya jina la Mswahili. Ritifaa inaonyesha mpaka huo: inatenga kile kinachotangulia na jina lenyewe.

Tatu, zipo jozi za majina zinazodhihirisha uhusiano kati ya jina lenye M' na jina lisilo nayo. Kinoti linakwenda na M'Inoti, Kithinji na M'Ithinji, Kiringo na M'Iringo. Katika kila jozi, k ya kiambishi ki- imedondoka baada ya M' na kubakia i-. Asiyeijua kanuni hii atawadhania Kithinji na M'Ithinji kuwa watu wa familia mbili tofauti, kumbe wanachangia shina moja: -thinj-, lenye asili moja na kitenzi cha Kiswahili kuchinja.

Ulinganisho na majina ya Kigaeli

Ufananaji wa M' na Mc au Mac ya majina ya Uskoti na Ayalandi umewavutia wengi. Mac ni neno la Kigaeli lenye maana ya mwana, na Ó lina maana ya mjukuu au mzao. Binti wa familia hizo, kwa desturi ya lugha yenyewe, hutumia Nic au Ní badala yake. Meru haikosi uhusiano na Waskoti, kwani misheni ya Chogoria ilianzishwa na Kanisa la Skoti mwaka 1922. Pamoja na hayo, itakuwa kosa kudai kwamba M' ina maana ya mwana wa. Mtu akiitwa Koome M'Inoti, M'Inoti ni baba yake, naye baba huyo aliitwa M'Inoti mwenyewe, si mwana wa Inoti. Uhusiano wa mwana na baba unaonyeshwa na mpangilio wa majina, si na M'.

Mfanano wa kweli uko kwingine, katika yaliyoyapata majina hayo mikononi mwa makarani. Ritifaa iliyoko katika O'Brien haikuwa ya Kigaeli. Ni jinsi waandishi wa Kiingereza walivyoiandika Ó. Chini ya utawala wa Waingereza familia nyingi za Ayalandi ziliacha kabisa Ó na Mac. Baadhi yao waliyarudisha tu wakati wa mwamko wa lugha yao, ambao Jumuiya ya Kigaeli iliyoundwa mwaka 1893 ilikuwa kiungo chake kikubwa. Watu wa Meru wamepita njia hiyo hiyo kwa muda mfupi zaidi.

Mtawanyiko: kutoka Nyambene hadi Thuci

Majina ya M' yamejaa Igembe, Tigania na Imenti. Embu hayapo katika mfumo wa majina ya wenyeji. Tofauti hii inaambatana na tofauti nyingine za sauti na za desturi.

Tofauti ya sauti iliyo wazi ni ile ya nazali na kipasuo. Kimeru huhifadhi nk na nt mahali ambapo Kiembu, kama Kikuyu, kina ng na nd. Moyo ni nkoro kwa Kimeru na ngoro kwa Kiembu. Wekundu ni ntune kwa Kimeru na ndune kwa Kiembu. Kwa sababu hiyo majina kama Nkatha, Nkirote, Nkonge na Ntarangwi yamebeba alama ya Meru katika silabi ya kwanza.

Tofauti ya desturi ni kubwa zaidi. Kwa Waembu, mtoto wa kwanza wa kiume kwa kawaida hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Matokeo yake ni kwamba majina machache hurudi tena na tena: Njeru, Njiru, Nyaga, Ireri, Njue, Namu. Miongoni mwake yamo majina ya wanyama, kama Mbogo, Njogu ambaye ni ndovu, Ngari ambaye ni chui, na Njagi ambaye ni punda milia. Huko Meru, pamoja na majina ya sifa na kazi, baadhi ya majina ya marika yamekuwa majina ya watu: Miriti, Murungi, Guantai na Gichunge ni mifano. Jina la namna hiyo ni kalenda, kwa kuwa linakumbusha kundi la vijana waliotahiriwa katika kipindi fulani.

Mfano bora wa mtawanyiko ni maneno njeru na njiru, yaani -eupe na -eusi. Katika masimulizi ya Wameru, koo ziligawanyika katika makundi matatu wakati wa kuvuka maji: Njiru waliovuka usiku, Ntune waliovuka alfajiri na Njeru waliovuka mchana. Huko ni majina ya makundi ya koo. Ukivuka Thuci, Njeru na Njiru ni majina ya watu binafsi, na hakuna mtu anayeitwa kwa jina la wekundu ili kukamilisha utatu huo. Neno moja limehama kutoka kundi hadi mtu, au kinyume chake. Chuka iko katikati: huko Njeru na Njagi husikika pamoja na Mugambi na Micheni, ishara kwamba mto ni mpaka wa utawala zaidi ya kuwa mpaka wa watu.

Yanayounganisha pande mbili

Tofauti hizo zisifiche undugu. Majina ya pande zote mbili yanafuata Kanuni ya Dahl, ambayo Carl Meinhof aliipa jina hilo mwaka 1903 kwa heshima ya mmisionari Edmund Dahl aliyeigundua katika Kinyamwezi. Kwa mujibu wa kanuni hii, k ya kiambishi huwa g ikiwa silabi inayofuata inaanza kwa sauti sighuna. Ndiyo maana tunapata Gitonga, Gikunda, Gatwiri na Gacheri, lakini Kinoti, Karimi na Kawira. Kithinji na Kathambi huonekana kuvunja kanuni, lakini haziivunji: th ya Kimeru na Kiembu hutamkwa kama dh ya dhahabu, nayo ni ghuna.

Viambishi hivi pia hutofautisha jinsia. Kirimi ni mwanamume na Karimi ni mwanamke, wote kutokana na -rima, yaani kulima. Mutwiri ni mwanamume, Gatwiri ni mwanamke. Aidha, mwanafunzi wa Kiswahili hatashindwa kuliona shina la kukama katika Mukami, wala la kunywa katika Kinyua.

Jina mbele ya karani

Sheria ya Usajili wa Wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kubeba kipande chenye jina lake. Misheni nazo, Wamethodisti wa Kaaga tangu 1912 wakiwa mfano, ziliongeza majina ya ubatizo. Mchungaji Philip M'Inoti wa kanisa hilo, ambaye aliandika kwa Kiswahili maelezo juu ya asili na tabia za Wameru, anaonyesha mpangilio mpya: jina la Kikristo likifuatwa na jina lenye M'. Baadaye, mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulileta ukusanyaji na usajili wa mashamba, na majina yakaingia katika hati za ardhi.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mathalani, mzee alisajili shamba kwa jina la M'Ithinji. Kitambulisho chake kikaandikwa Mithinji, kwa kuwa mpiga chapa aliiacha ritifaa. Mwanawe shuleni akaandikishwa kwa Ithinji, na mjukuu akapewa jina la babu kwa umbo lake la ujana, Kithinji. Kwa msemaji wa Kimeru hili ni jina moja. Kwa msajili ni majina manne. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inawataka warithi wathibitishe uhusiano wao na marehemu, hivyo familia hulazimika kuapa viapo na kutafuta barua za chifu ili kuthibitisha kwamba M'Ithinji na Mithinji ni mtu mmoja. Neno almaarufu katika majalada ya mirathi ni kumbukumbu ya ritifaa iliyopotea.

Embu nako hakukusalimika. Alama za ĩ na ũ hazionekani kwenye vitambulisho, c na ch hubadilishana, na Nyaga huandikwa Nyagah kwa familia nyingine. Lakini kwa kuwa majina ya Embu hayana kipande kinachoweza kudondoka mwanzoni, madhara yake ni madogo zaidi.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba M' si kiambishi cha ngeli wala si neno la mwana. Ni kitangulizi cha jina la mwanamume chenye makao yake katika Meru, na ambacho hakivuki mto Thuci katika mfumo wa majina ya wenyeji. Imedhihirika pia kwamba vijana wengi hawapewi tena majina ya M' kama majina yao wenyewe. Wanayabeba kama majina ya ukoo yaliyoganda, mara nyingi bila ritifaa. Kwa hiyo kazi ya kuyakusanya ingali mbele ya wanafunzi wa onomastiki. Anayekwenda nyanjani hana budi kuandika jina kama linavyotamkwa, pamoja na kijiji, rika na umbo lililoko kwenye hati. Akifanya hivyo atakuwa ameihudumia isimu ya Kibantu, na huenda pia atakuwa amemsaidia mjukuu fulani kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba babu yake alikuwa babu yake.