Visa Isikuzibe Mdomo

Wanafunzi wenzangu hapa Marekani huniuliza: nikimripoti profesa anayenitaka kimapenzi kwa lazima, si nitapoteza visa? Jibu langu ni hapana. Sheria ya Title IX, ya mwaka 1972, inakataza ubaguzi wa kijinsia, na unyanyasaji umo humo, katika vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Haijali pasipoti yako ni ya wapi, na inakataza kumlipizia kisasi aliyelalamika.

Hatari ya visa ya F-1 ni kuliacha somo kimyakimya. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa kuwa na krediti 12 kwa muhula. Ukishuka chini ya hapo bila kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni, hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Basi fanya hivi. Andika tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa. Meseji usizifute. Nenda kwa Mratibu wa Title IX wa chuo chako. Unaweza kuomba kuhamishwa darasa hata bila kufungua mashtaka rasmi. Chuo kikizembea, peleka malalamiko kwenye kitengo cha haki za kiraia cha Wizara ya Elimu ya Marekani, ndani ya siku 180 tangu tukio.

Dada zangu, na kaka pia: aibu ni yake, si yako.