Dondoo muhimu: Kuingia Bomet kwa baiskeli ukiwa peke yako

Ukitoka Kericho kwa baiskeli kupitia Litein, Kapkatet na Kaplong, panga kuingia Bomet kabla ya saa 9 alasiri. Kaskazini mwa Ulaya mwezi Juni mgeni hufika mjini saa 3 usiku na bado anasoma vibao; huku karibu na ikweta jua huzama kabla ya saa 1, na giza halibishi hodi. Mvua za nchi hii ya chai nazo hupenda kunyesha mchana ukishageuka. Njia ya udongo mwekundu ikilowa, tope hujaa kwenye breki hadi gurudumu likagoma kuzunguka.

Utasema ramani ya simu inatosha. Inatosha kukufikisha, ila haijui ni gesti ipi itakuruhusu kulaza baiskeli chumbani, na kwa msafiri wa peke yake hilo lina uzito zaidi kuliko bei. Kwa hiyo ingia hotelini, salimia kwa lugha ya huku, “Chamgei”, agiza chai na chapati, kisha uliza. Wapo wanaohofu kwamba kuuliza ni kujitangaza kuwa mgeni. Lakini baiskeli yenye mikoba miwili ubavuni imeshakutangaza tangu Kaplong.