Kimya cha Kidato cha Kwanza

Leo tuongee masomo kidogo.

Hapa Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida anasoma kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza anakuta Baiolojia na Jiografia, yote kwa Kiingereza. Mimi nawasaidia wadogo zetu parokiani jioni, nimeliona hili kwa macho. Yule anayeitwa mzito, muulize kwa Kiswahili mmea unatengenezaje chakula chake, atakutajia jua, maji na hewa. Muulize kwa Kiingereza, kimya. Akili anayo, maneno ndiyo hana.

Sasa akae kimya miezi mitatu, wenzake wanamcheka matamshi, mwalimu ana darasa limejaa na fimbo iko mezani. Ataanza kukaa nyuma, kisha utoro. (Na njaa jamani tusiisahau! Aliyetoka nyumbani bila hata uji hasikii lugha yoyote.)

Mwaka 1884 Mtakatifu Yohane Bosco aliandika barua kutoka Roma, akisisitiza kwamba haitoshi vijana kupendwa, wao wenyewe watambue kwamba wanapendwa. Darasani maana yake ni kwamba mtoto anathubutu kujibu hata kama atakosea.

Wewe wa kidato cha tatu, Jumamosi baada ya kwaya mchukue mmoja. Someni ukurasa mmoja, mjadili kwa Kiswahili kwanza, halafu aandike kwa Kiingereza sentensi mbili tatu zake mwenyewe. Nusu saa inatosha. Akikosea, usicheke.