MLEZI WA KAZI: «NDIYO, MZEE» HAITOSHI



Asubuhi moja kapita atakuletea kijana mpya. Ametoka Bukavu, pengine Kadutu, pengine Bagira. Kofia yake ya kazi ingali inang'aa. Kapita atasema: «Mzee, huyu ni wako, mfundishe,» kisha atakwenda zake.

Wewe unajua kazi. Lakini kujua kazi ni jambo moja, na kumfundisha mwingine ni jambo jingine. Mafundi wengi hodari hufanya haraka mbele ya kijana, naye huiga asichokielewa.

Kwetu, kijana aliyelelewa vema hambishii mkubwa. Ukimwuliza «Umeelewa?» atajibu «Ndiyo, mzee», hata kama hakuelewa neno. Jibu hilo ni la heshima tu. Chini ya mwamba linaweza kumwua.

Hatua nne za kufundisha

Njia hii ni ya zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vya Marekani vilijaa wafanyakazi wapya, na kati ya 1940 na 1945 wasimamizi wengi walifundishwa kuitumia. Tuitumie kwa kazi moja: kupima dari la mwamba kabla ya kuanza kazi.

1. Mtayarishe. Mwulize amewahi kufanya kazi gani. Mweleze sababu kabla ya kumpa chombo: baruti hulegeza mawe, na jiwe lililolegea halipigi hodi.

2. Mwonyeshe. Fanya polepole, jambo moja moja. Simama chini ya dari lililokwisha kupimwa, na nyuma yako njia ya kukimbilia iwe wazi. Tazama nyufa. Gonga mbele yako kwa mtalimbo. Mwamba mzima hutoa mlio mkali. Ulioachana hutoa mlio mzito, kama wa kitu chenye uwazi ndani. Asikie milio yote miwili. Mwambie pia kwamba mlio mzuri peke yake hautoshi: penye ufa, hapaaminiki.

3. Mwache ajaribu huku akieleza. Mpe mtalimbo mahali palipo salama. Aseme kwa kinywa chake: nasimama hapa kwa sababu gani? Nimesikia nini? Nitakimbilia wapi? Akikosea, msahihishe bila kumpokonya chombo, kisha arudie. Kuangusha mawe yaliyolegea bado ni kazi yako.

4. Mfuatie. Mwonyeshe mtu wa kumwuliza usipokuwapo. Mrudie mara nyingi siku za kwanza. Punguza pale tu unapoona anafanya vizuri hata asipojua kwamba unamtazama.

Usifunge mlango wa maswali

Kijana akiuliza na wakubwa wakacheka, hatauliza tena. Tarehe 11 Septemba 2020, huko Kamituga katika Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza maji mashimo ya dhahabu, na watu wapatao 50 walihesabiwa kuwa wamekufa. Maji na mwamba havitazami cheo wala umri. Kwa hiyo mfundishe kijana wako alama za hatari, na umfundishe pia kusema «Tusimame».

Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1995, unataja haki ya mchimbaji kuondoka mahali anapoona, kwa sababu ya haki, kwamba pana hatari kubwa. Haki hiyo haimsaidii kijana anayeogopa kufumbua kinywa. Siku atakapokuambia: «Mzee, dari hili silipendi,» simamisha kazi, mtazame pamoja. Akiwa amekosea, mmepoteza dakika tano, naye amejifunza. Mshukuru hata hivyo.

Macho yake yanakufuata

Ukimwambia maji yatumike wakati wa kutoboa mwamba, kisha wewe ukatoboa mkavu kwa sababu una haraka, atashika alichokiona. Vumbi la mwamba wenye silika huharibu mapafu polepole, na kovu lake haliponi. Vaa kinga yako hata siku ambayo kapita hayupo.

Jipime mwenyewe

— Kijana wako amekuuliza swali juma hili? Kama hakuuliza, ni kwa sababu anajua yote, au kwa sababu anakuogopa?

— Amekueleza kazi kwa maneno yake, au ameitikia tu?

— Je, kuna jambo unalomkataza ambalo wewe unalifanya?

Mama yake amemkabidhi kwetu akiwa mzima. Mfundishe leo, ili jioni arudi kwao akiwa mzima.

USALAMA KWANZA!