Usimeze chambo: barua pepe zinazokuja kuiba

Najua unajiuliza: jarida la afya na barua pepe wapi na wapi? Subiri kidogo. Kijana anayetishiwa kwamba picha zake za siri zitatumwa kwa wazazi wake hali chakula, halali usiku, na darasani hayupo hata kama amekaa dawati la mbele. Hiyo ni afya, tena afya kabisa! Na mara nyingine mambo hayo huanza na barua pepe moja tu iliyoonekana ya kawaida.

Tuseme hivi. Umemaliza kidato cha sita, unasubiri mkopo wa chuo. Umeazima simu ya kaka, unafungua barua pepe, unakuta: "Ndugu mwombaji, mkopo wako UMESITISHWA. Bofya hapa uthibitishe taarifa zako ndani ya saa 24." Moyo unadunda. Unabofya. Unafunguka ukurasa wenye nembo unayoijua, unakuomba barua pepe yako na neno lako la siri. Unaandika. Ukurasa unasema "Asante", basi, habari imeishia hapo. Mkopo wako haukuwa na tatizo lolote. Ila sasa kuna mtu usiyemjua ameshika ufunguo wa sanduku lako la barua.

Kwani ana shida gani na barua zako? Fikiria. Ukisahau neno la siri la Facebook au Instagram, njia ya kulibadilisha inatumwa wapi? Mara nyingi kwenye barua pepe. Picha unazopiga kwa simu zinahifadhiwa wapi? Kwa simu nyingi, kwenye akaunti hiyo hiyo. Anayeshika barua pepe yako anaweza kufungua milango mingine yote, mmoja baada ya mwingine, na wewe ukafungiwa nje.

Kwa Kiingereza wizi huu unaitwa "phishing", neno lililotokana na kuvua samaki kwa ndoana. Jina hilo lilianza Marekani katikati ya miaka ya 1990, pale wezi walipojifanya wafanyakazi wa kampuni ya intaneti ya AOL na kuwaomba wateja maneno yao ya siri "ili kuhakiki akaunti". Miaka imepita, chambo kimebadilika, ndoana ni ile ile.

Kwani wanaonaswa ni wajinga?

Hapana. Machi 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton huko Marekani, alipata barua pepe iliyojifanya imetoka Google. Ilisema kuna mtu amepata neno lako la siri, libadilishe mara moja. Ona ujanja huo: mwizi anakuja kukuonya kuhusu mwizi! Wasaidizi wake walimwuliza mtaalamu wa kompyuta, naye akajibu kwamba barua hiyo ni halali. Baadaye alieleza kwamba alikusudia kuandika si halali. Katika jibu lake alikuwa ameweka anwani ya kweli ya Google ya kubadilishia neno la siri, lakini aliyeshughulikia alibofya ile ya kwenye barua ya mwizi. Barua zaidi ya 50,000 ziliibwa, na kuanzia Oktoba mwaka huo zikaanza kuanikwa hadharani.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba wewe ni mjanja sana. Chambo hakilengi akili yako, kinalenga hofu, tamaa na haraka. Umeshinda zawadi! Akaunti yako inafungwa leo! Ufadhili wa kusoma Ulaya, nafasi mbili zimebaki! Ukihisi moyo unaenda mbio kwa sababu ya barua, ujue hapo ndipo pa kuweka simu chini kwanza.

Nitaitambuaje?

Zamani tulifundishwa kutafuta makosa ya lugha. Siku hizi kipimo hicho hakitoshi, maana programu za akili mnemba zinaweza kumwandikia tapeli Kiswahili safi kuliko changu. Tazama anwani. Jina la mtumaji mtu anaweza kujiandikia lolote, hata "Mkuu wa Shule". Gusa hilo jina uone anwani yenyewe. Kiungo nacho, kwenye simu nyingi, ukikibonyeza na kukishikilia bila kuachia utaona kinakokwenda.

Halafu anza kusoma kutoka kulia. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu tumezoea kusoma kutoka kushoto. Tovuti ya Bodi ya Mikopo Tanzania ni heslb.go.tz. Sasa tazama hii ya kubuni: heslb.go.tz.mikopo-haraka.com. Mwanzo wake ni mzuri kabisa, si ndiyo? Lakini mwenye nyumba anaandikwa mwishoni, naye ni mikopo-haraka.com. Hayo ya mbele ni pazia tu. Kama kuna mkwaju (/), ukiacha ile miwili ya baada ya https, tazama kilichoandikwa kabla yake. Angalia na herufi: "rn" zikikaa karibu zinafanana na "m".

Mwaka 2020, korona ilipoingia, matapeli walituma barua kwa jina la Shirika la Afya Duniani. Shirika likawaeleza watu kwamba anwani zake zinaishia na @who.int, na kwamba halikuombi neno la siri ili usome habari za afya.

Ila hata anwani ikiwa sahihi, akaunti ya rafiki yako inaweza kuwa imeshaibwa. Ndiyo maana mimi napenda njia moja kuliko zote: usipite mlango uliofunguliwa na barua. Andika mwenyewe anwani unayoijua, ingia, utazame kama kweli kuna tatizo. Au mpigie simu huyo rafiki.

Nimeshameza, nifanye nini?

Mtu anayepata dalili za ugonjwa wa zinaa akanyamaza miezi mitatu kwa aibu, ugonjwa haumsubiri. Na hapa ni hivyo hivyo, ila tunahesabu dakika. Badilisha neno la siri sasa hivi, na popote pengine ulipotumia neno hilo hilo. Ondoa simu na kompyuta usizozijua kwenye akaunti. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba zinazotumwa kwenye simu usimpe mtu yeyote, hata akisema ni wa huduma kwa wateja. Waambie rafiki zako, maana wao ndio watakaofuata.

Na akikuandikia, "Nimekurekodi kwa kamera yako, lipa"? Barua kama hizo hutumwa kwa maelfu kwa mpigo, na mara nyingi hana chochote. Hata kama ana picha ya kweli, usilipe, ukilipa atarudi. Usifute ujumbe wake, ni ushahidi. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Kosa ni la anayetisha, si lako. Meseji za kitapeli za simu, Tanzania unaziripoti kwa namba 15040.

Zoezi la klabu

Someni barua hii ya kubuni kwa pamoja:

"Kutoka: Bodi ya Mikopo, uhakiki@heslb.go.tz.wanafunzi-leo.com. Hongera! Umeongezewa posho. Ili isirudishwe, ingia kwa barua pepe yako kabla ya saa 6 usiku wa leo. Usimwambie mwingine, nafasi ni chache."

Ni hisia zipi anazozigusa huyu? Mwenye nyumba ni nani? Kwa nini hataki umwambie mwenzako? Kisha kila mmoja aandike barua ya kitapeli ambayo ingemnasa yeye mwenyewe, na mbadilishane.