Chai Yatia Rangi Karatasi za Zawadi za Krismasi

Kwa desturi, malipo ya mwisho wa mwaka ya wakulima wadogo wa chai, yaitwayo bonasi, hufika Kericho na Bomet mnamo mwezi wa Oktoba. Kufikia Desemba fedha hizo zimekwisha kugawanywa: deni la duka, kibati cha kuezekea jiko, na karo ya Januari ambayo haina subira. Zawadi za Krismasi hupata kilichosalia. Nyanya hupewa leso, mama mkwe sukari na sabuni, mtoto viatu. Wala zawadi hizo si haba. Lakini wengi hudhani kuwa zawadi haina heshima mpaka ivishwe karatasi ya kung'aa ya dukani pamoja na tepe yake, na hivyo hulipa fedha kwa kitu kitakachopasuliwa kwa dakika moja. Tena karatasi nyingi za namna hiyo zina utando wa plastiki. Hazifai kuwashia moto jikoni, wala hazioji shambani.

Desturi ya karatasi yenye nakshi si ya kale kama watu wanavyofikiri. Mwaka 1917, katika mji wa Kansas City, Marekani, ndugu wawili wa jamaa ya Hall waliishiwa na karatasi nyembamba za kufungia zawadi dukani mwao. Wakatoa karatasi za nakshi kutoka Ufaransa, zilizokusudiwa kuwa bitana ya bahasha, nazo zikanunuliwa upesi. Kabla ya hapo watu wengi walitumia karatasi ya kawaida na uzi. Kwa hiyo mtu asiidharau khaki ile ile inayovalishwa madaftari ya shule.

Kinachopendeza macho si mng'ao, bali ni upatano. Karatasi, kamba, ua na kadi ya jina vikiwa na rangi za jamaa moja, hata kifurushi cha sabuni huonekana kimeandaliwa kwa moyo. Na katika nchi ya chai upatano huo hupatikana katika sufuria moja.

Karatasi ifaayo ni ile isiyong'aa, kwa sababu ndiyo inywayo rangi. Kurasa tupu zinazobaki mwisho wa madaftari shule zifungapo ni nzuri sana kwa maua na kamba. Mifuko ya karatasi ya unga hufunguliwa kwenye maungio, ikakung'utwa, ikageuzwa upande wa ndani usio na maandishi. Gazeti lisitumiwe, maana likilowa hupasuka.

Chai nyeusi ya viwanda vya hapa, kama vile Litein, Momul, Kapkoros au Tirgaga, hukatwa punje ndogo ndogo, basi hutoa rangi upesi. Vijiko vikubwa vinne vichemshwe katika nusu lita ya maji kwa dakika kumi, kisha chai ichujwe na kuachwa ipoe. Nusu yake imiminwe katika sinia; karatasi zilazwe humo moja moja kwa muda wa dakika kumi, zitoke na rangi ya kahawia. Nusu ya pili itiwe katika chupa pamoja na misumari michache yenye kutu na kijiko cha siki, ikae usiku kucha au siku mbili. Itageuka kuwa nyeusi, kwa kuwa tanini, yaani kitu kile kinacholeta ukakasi wa chai mdomoni, hushikana na chuma. Kwa njia iyo hiyo watu wa Ulaya walitengeneza wino kwa karne nyingi, ila wao walitumia vinundu vya mti wa mwaloni. Chupa hiyo iwekwe mbali na watoto. Si kinywaji tena.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi. Mvua ya Kericho huja alasiri bila kubisha hodi, na jua kali nalo huikunja karatasi kama jani bichi motoni. Kazi ianze asubuhi, karatasi zianikwe barazani kivulini, kisha zipigwe pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa.

Katika kukata, kipimo kiwe kwanza. Tuseme boksi lina urefu wa sentimita 20, upana 12 na kimo 8. Kulizunguka ni sentimita 40. Ziongezwe 3 za kupandiana, ziwe 43. Upande wa pili ni ule urefu wa 20, na 6 kila mwisho za kukunjia, jumla 32. Gundi ni kijiko kimoja cha unga wa ngano katika vijiko vinne vya maji baridi, ikorogwe motoni hata iwe nzito. Ipakwe nyembamba, kwani ikizidi huota ukungu.

Kamba hutokana na vipande virefu vya upana wa sentimita tatu. Vinyunyiziwe maji kidogo, visokotwe pajani kama wasokotavyo katani, kipande kipya kikiingizwa kabla cha kwanza hakijaisha. Kwa ua, mfano bora uko shambani, ijapokuwa wachumaji hawauoni sana kwa sababu michai inayochumwa na kupogolewa haipati nafasi ya kuchanua: ua la chai lenyewe, petali sita nyeupe na kichwa cha nyuzi za manjano. Petali zikatwe katika kurasa zisizotiwa rangi, na zikunjwe kidogo juu ya mpini wa kijiko. Nyuzi za manjano hupatikana katika kalenda ya zamani, ikikatwa vishada vyembamba kwa mkasi.

Kadi ya jina ikatwe katika manila kwa umbo la majani mawili na chipukizi, yaani mchumo ule ule ambao kila mtoto wa huko anaujua, kisha iandikwe kwa ule wino mweusi wa chupani kwa kijiti kilichochongwa.

Zawadi ikifunguliwa, kamba na ua vifunguliwe polepole, vihifadhiwe katika kopo lenye mfuniko hadi Desemba nyingine, kwa kuwa panya hupenda gundi ya unga.