Mafunzo Niliyopata Nilipofunga RO ya Kuchujia Utomvu wa Mepo

Kutengeneza shira ya mepo (maple) ni kazi ya kuondoa maji. Utomvu ukitoka mtini una sukari asilimia 2 hivi, na mtu akiuonja haraka anaweza kudhani ni maji ya kisima. Shira iliyoiva ina sukari asilimia 66 au 67. Ili upate lita moja ya shira unahitaji lita 43 hivi za utomvu, na karibu zote hupotea hewani kama mvuke. Huku Vermont, Marekani, kazi hii hufanyika mwisho wa baridi, hasa Machi, usiku kukiwa na barafu na mchana kukiwa na jua. Ni wiki chache tu, na mwenye jiko la kuni hukesha.

Kilichonipunguzia kukesha ni mashine ya osmosisi kinyume, ile ambayo mafundi wa maji huiita RO. Ndiyo inayotoa chumvi kwenye maji ya bahari kule Oman, na ndiyo iliyomo kwenye vibanda vingi vya maji ya kunywa vya mijini. Pampu husukuma maji kwenye utando wenye vitundu vidogo mno. Maji hupenya, chumvi hubaki. Kwenye utomvu kinachobaki ni sukari. Kwa maji ya kunywa tunamwaga kilichobaki, lakini hapa kilichobaki ndicho mali.

1. Anza na hesabu ya kuni

Chukua lita 100 za utomvu wenye sukari asilimia 2. Ukizichuja mpaka zifike asilimia 4, zitabaki lita 50. Ukifika asilimia 8, zitabaki 25. Robo tatu ya maji yametoka kabla hujawasha kiberiti. Tena maji kuchemka ni jambo jepesi. Kazi kubwa ya moto ni kuyageuza yawe mvuke. Lita moja inayochemka inahitaji joto zaidi ya mara tano ya lile lililoitoa kwenye ubaridi wa barafu mpaka ikachemka. Ndiyo maana rundo la kuni huisha na karai bado limejaa. Pampu ndogo inayofanya kazi hiyo hiyo hula umeme wa balbu moja ya zamani.

2. RO ya chini ya sinki inatosha, ila si kama ilivyotoka dukani

Mitambo ya viwandani ni ghali na ni ya wenye maelfu ya matundu ya kugemea mitini. Kwa mtu wa uani, zile tando za majumbani zinafaa kabisa, ukishabadilisha mambo matatu. Ondoa chujio la mkaa: kazi yake ni kufyonza ladha na harufu, na ladha ndiyo unayoitafuta. Liache lile la kunasa takataka, la maikroni 5, likae mbele ya pampu. Ondoa pia tangi la kuhifadhia maji. Halafu kwenye njia ya maji machafu kuna kizibo kidogo chenye tundu lisilobadilika. Kitoe, uweke vali ya sindano unayoweza kuifungua na kuifunga kidogo kidogo, na geji ya presha kando yake.

Vali hiyo ndiyo usukani. Ukiikaza, presha inapanda na maji mengi zaidi yanalazimika kupita kwenye utando. Ukiilegeza, utomvu unapita juu juu bila kupungua. Mipira yote inayogusa utomvu iwe ya daraja la chakula.

Unapoingiza utando kwenye kopo lake, lowesha oringi mbili ndogo za kwenye ncha kwa maji, sukuma huku ukizungusha taratibu, mpaka uhisi umekaa. Utando mpya una dawa ya kuhifadhia, kwa hiyo pitisha maji yasiyo na klorini kwanza na umwage yote. Baada ya hapo pima. Weka tone la maji yaliyopenya kwenye kioo cha rifraktomita (kipima sukari), kielekeze kwenye mwanga: mstari wa buluu lazima ukae kwenye sifuri. Ukipanda hata kidogo, sukari inavuja, na mara nyingi ni oringi iliyojikunja. Jirani yangu, mzee aliyechemsha utomvu tangu utotoni, hana haja na kioo. Hunywa funda moja, hutulia, kisha husema kama kuna utamu au hakuna. Sijamwona akikosea.

3. Usiamini namba ya kwenye karatasi

Utando ulioandikwa galoni 150 kwa siku, yaani lita 570 hivi, umepimwa kwa maji ya nyuzi 25 za Selisiasi. Utomvu wa Machi uko karibu na nyuzi 3, na baridi hupunguza kasi kufikia nusu. Badala ya kutoa lita 24 za maji kwa saa, utando huo utakupa 12 hivi, na zitapungua zaidi sukari ikiongezeka. Anayeleta nyumbani lita 200 jioni na kutaka kuondoa 150 kabla ya usiku wa manane hawezi kuridhika na utando mmoja. Funga tatu sambamba, kila mmoja upate utomvu wake kutoka pampu moja yenye nguvu ya kuzilisha zote.

Wapo wanaopasha utomvu moto ili mashine iende haraka. Siwaungi mkono. Utomvu wa vuguvugu huchacha.

4. Simama kwenye asilimia 8

Hapa ndipo wengi hulazimisha, na pampu zikaungua. Sukari yenyewe huvuta maji na kuyazuia yasitoke. Utomvu wa asilimia 2 unavuta kwa nguvu ya paundi 19 hivi kwa inchi ya mraba; ukifika 8, mvuto huo ni kama paundi 80. Pampu ndogo nyingi husukuma paundi 100. Mwanzoni ina akiba kubwa, mwishoni imebakiwa na paundi 20 tu. Hakuna vali wala ujanja wa kuongeza nguvu isiyokuwepo. Rudisha utomvu kwenye pipa ulikotoka uzunguke mpaka ufike 8, kisha zima.

5. Maji yaliyopenya yana kazi

Yahifadhi kwenye ndoo safi. Ndiyo ya kuoshea mashine kila ukimaliza, mpaka yanayotoka yasiwe na utamu wowote, maana mabaki ya sukari huzaa utelezi wa bakteria unaoziba utando. Maji ya bomba ya mjini hayafai kwa kazi hiyo, kwani klorini huuharibu utando, na hauponi. Msimu ukiisha usiuache ukauke: uhifadhi ukiwa umelowa, ndani ya friji au kwenye dawa inayopendekezwa na mtengenezaji.

6. Utomvu uliochujwa haungoji kesho

Sukari imeongezeka, bakteria wamepata chakula zaidi. Washa jiko mashine ikiwa bado inazunguka.

7. Weka mashine ndani

Maji yakiganda hutanuka, na utando pamoja na makopo yake hupasuka usiku mmoja. Chumba cha kufulia kinatosha. Banda la nje halifai, hata likiwa karibu na jiko, kwa sababu jiko huzimika alfajiri na hiyo ndiyo saa ya baridi kali.

8. Ladha haipotei

Kama ladha hupotea ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu. Rangi ya dhahabu na harufu ya shira huja motoni, kwa hiyo hofu ya kwamba kuchemsha kwa muda mfupi kutaiharibu ladha ina mantiki. Kituo cha utafiti wa mepo cha Proctor, cha Chuo Kikuu cha Vermont, kimelinganisha shira za utomvu uliochujwa na usiochujwa na hakikuona tofauti kubwa ya ladha. Kwangu shira hutoka na rangi nyepesi kidogo. Bado lazima ichemke mpaka ifike nyuzi 4 za Selisiasi juu ya kiwango cha kuchemka maji, na hakuna utando wa nyumbani utakaokufikisha hapo bila moto.

9. Si kwa kila mtu

Tundu moja la mti hutoa kama lita 40 za utomvu kwa msimu, yaani takriban lita moja ya shira. Mwenye matundu matano atapata lita tano, na sufuria kubwa na jioni chache zinamtosha. Mwenye 20 na kuendelea, hasa anayekwenda kazini asubuhi, atafute dola mia chache afunge mashine hii kabla ya Februari kuisha. Mwenye matano anunue kuni kavu.